Namna ya Kukadiria Mahitaji ya Kalori kwa Mtu Mwenye Uzito Uliozidi

Tafiti za kitaifa za afya zinaonesha kuwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2015/16. Hali hiyo huongeza hatari ya kupata kisukari, shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo.

Hatua ya kwanza ni kufahamu uwiano wa uzito na urefu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, jibu la 25 au zaidi ni uzito uliozidi, na 30 au zaidi ni kiribatumbo.

Hatua ya pili ni kukadiria kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990 hujumlisha uzito mara 10 na urefu kwa sentimita mara 6.25, kisha hutoa umri mara 5. Kwa mwanaume huongezwa 5. Kwa mwanamke hupunguzwa 161. Jibu huzidishwa kwa 1.2 kwa anayeketi muda mwingi, au 1.375 kwa anayefanya mazoezi mepesi.

Kwa mfano, mtumishi wa ofisini katika Mji wa Serikali Mtumba, jijini Dodoma, mwanamke mwenye miaka 40, kilo 72 na sentimita 160, ana uwiano wa 28.1. Mwili wake ukipumzika hutumia kalori 1,359. Akiketi kutwa hutumia takribani 1,631.

Kupunguza kalori 500 kwa siku hukadiriwa kushusha karibu nusu kilo kwa wiki. Hata hivyo, mtumishi huyo angebakiwa na 1,131, chini ya kiwango cha 1,200 ambacho mwanamke hashauriwi kukivuka bila usimamizi wa mtaalamu. Kwa mwanaume ni 1,500. Akitembea kwa miguu mara kwa mara, matumizi yake hufikia takribani 1,869, hivyo akipunguza 500 hubaki na 1,369. Mazoezi, kwa hiyo, humwepusha na njaa isiyo ya lazima.

Jikoni, kijiko kikubwa cha mafuta kina takribani kalori 120. Unga wa mtama, uwele au mahindi hukaribiana kwa nishati, hivyo kubadili unga pekee hakutoshi. Kipimo cha ugali ndicho huamua. Mlenda na mboga nyingine za majani zilizopikwa kwa mafuta kidogo hushibisha kwa kalori chache.

Hesabu hizi ni makadirio. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wanaotumia dawa za kisukari wanapaswa kumwona daktari au afisa lishe katika kituo cha afya kabla ya kupunguza chakula.