Udongo Juu ya Pistoni

Juu ya meza yangu pana pistoni ya zamani yenye kovu la nusu mwezi. Fundi aliyenipa alisema kwa ufupi tu, "Hapa valvu ilibisha hodi."

Kovu kama hilo lina historia yake. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8 ya nguvu farasi 65. Vijana wa kusini mwa California waliyanunua magari hayo yakiwa yamechakaa, wakayavua madigadi, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Ili kuongeza mwendo, walibadilisha kamshafti, ule mhimili wenye vinundu vinavyofungua valvu. Kinundu kikiinuliwa na kupanuliwa, valvu hufunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ed Iskenderian, mtoto wa wahamiaji Waarmenia, alijipatia jina kwa kusaga kamshafti za namna hiyo.

Katika injini ile ya Ford, valvu zilikaa ndani ya bloku, kando ya silinda. Kamshafti kali ingeweza kuigongesha valvu kwenye silinda hedi, lakini si kwenye pistoni. Walikuwa majirani, ila kila mmoja na mlango wake.

Mwaka 1949 Oldsmobile na Cadillac walileta V8 mpya zenye valvu juu ya pistoni. Chevrolet ikafuata na yake mwaka 1955. Sasa valvu ilishuka katika chumba kilekile ambamo pistoni ilipanda. Moshi unapomalizika kutoka na hewa mpya inapoanza kuingia, pistoni iko juu kabisa na valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Kamshafti ya mbio hukirefusha kipindi hicho. Pistoni yenye kichwa kilichoinuliwa nayo huipunguza nafasi iliyobaki.

Mafundi walipata jibu katika udongo laini wa kuchezea watoto. Fundi huubandika juu ya pistoni, huupaka mafuta kidogo, kisha hufunga hedi na gasketi yake. Huzungusha krenki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Akihisi kizuizi, halazimishi. Akimaliza hufungua, hukata udongo kwa wembe na kupima pale palipobonyea zaidi. Kanuni iliyozoeleka ni takriban milimita 2 kwa valvu ya kuingiza hewa na 2.5 kwa ya kutoa moshi, kwa kuwa hiyo ya pili hupata joto kali zaidi, na pistoni huifukuza kwa nyuma inapojifunga.

Mtu atauliza: kama havigusani, milimita 2 za nini? Ni kwa sababu mkono hauna mwendo wa injini. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Springi huchelewa kuirudisha, vyuma hutanuka, na nafasi iliyoonekana gereji hupotea barabarani.

Nilimuuliza yule fundi kama injini ya pistoni hii ilijaribiwa kabla ya kuwashwa. Alisema ndiyo: ilizungushwa kwa mkono, ikazunguka vizuri, wakaona udongo wa nini.