Mkojo wa panya, gegedu la papa na mama mdogo

Najua nimepotea, testi zimenibana. Jumamosi nilimpitia mama mdogo, yule anayehudhuria Ocean Road kwa ajili ya uvimbe wa titi. Akanionyesha kopo la unga aliouziwa Kariakoo: gegedu la papa, ule mfupa laini. Muuzaji kamwambia papa haugui kansa, kwa hiyo akinywa huo mionzi ya nini tena? Elfu themanini, jamani! Sikumbishia, mtu mzima habishiwi hivi hivi. Nikaenda kusoma.

Habari inaanza 1960. Daktari kijana wa upasuaji, Judah Folkman, aliitwa jeshi la maji la Marekani, akapewa kazi ya kutafuta mbadala wa damu kwa matumizi ya melini. Kwenye majaribio, yeye na mwenzake Frederick Becker waliweka tezi za sungura kwenye chupa, wakazipitishia hicho kimiminika, wakapandikiza seli za kansa. Uvimbe ukafika milimita moja au mbili, ukagoma. Ukihamishiwa kwa panya hai, unafumuka!

Tofauti ni kwamba kwenye chupa hapakuota mishipa mipya ya damu. Fikiria duka la Kariakoo ambalo mkokoteni haufiki: mzigo hauingii, taka hazitoki. Mwaka 1971 Folkman akaandika kuwa uvimbe wenyewe ndio unaoita mishipa, na ukiizuia hiyo mishipa uvimbe utabaki mdogo. Wenzake wengi walimpuuza kwa miaka.

Sasa utamu uko hapa. Madaktari walishaona kwamba wakati mwingine ukikata uvimbe mkubwa, vile vidogo vilivyolala kwingine mwilini vinaamka. Folkman akawaza, labda ule mkubwa ulikuwa unatoa breki. Michael O'Reilly, kwenye maabara yake Boston, akakusanya mkojo wa panya wenye uvimbe (kuna watu wana moyo!) mpaka akaipata: anjiostatini, 1994. Ni kipande cha protini ya kawaida ya damu. Mwaka 1997 ikafuata endostatini, kipande cha kolajeni. Yaani breki tunazo wenyewe mwilini.

Panya walipata nafuu kweli, uvimbe ulinywea. Mei 1998 gazeti la New York Times likaiweka habari ukurasa wa mbele, hisa za kampuni iliyohusika zikapaa siku iliyofuata, na wagonjwa wakapiga simu wakiomba dawa. Kwa binadamu, majaribio yalianza 1999. Haikudhuru, lakini uvimbe uliopungua ulikuwa wa wachache mno. China iliruhusu aina yake ya endostatini mwaka 2005, kwa kansa ya mapafu. Marekani iliruhusu Avastin 2004, ambayo si breki ya asili bali kingamwili inayonasa ile protini inayoita mishipa. Inasaidia baadhi ya wagonjwa, ikichanganywa na dawa nyingine.

Na papa je? Mwaka 1983 watafiti walikuta kweli gegedu lake lina kitu kinachozuia mishipa. Mwaka 1992 kikatoka kitabu Marekani kikidai papa hawapati kansa, biashara ikaanza. Wanapata, wameshakutwa nayo. Halafu protini ukiimeza tumbo linaisaga kama maharage. Unga huo ulijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya titi na utumbo, matokeo yakatoka 2005: hakuna faida. Papa wa pale Feri wapikwe nazi tu.

Jumapili nikamweleza mama mdogo yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha, "Sasa mwanangu, hao panya walipona?"

Nikasema uvimbe wao ulinywea.

"Basi waniletee ya panya."

Tukacheka, kisha tukanyamaza. Kopo liko juu ya kabati, hajalitupa. Jumanne ana mionzi, namsindikiza mimi, kipindi cha saa mbili mtanisainia.