Karatasi ifaayo kwa mshonaji wa viraka

FUNDI wa nguo mjini Kakamega hakosi masalio ya vitenge. Masalio hayo yaweza kuunganishwa yakawa mfarishi wa viraka, tandiko la kitanda lenye nyota na pembetatu za rangi mbalimbali.

Ili ncha za maumbo hayo zinyooke, fundi huchora umbo kwenye karatasi, akalaza vitambaa upande wa pili, kisha akapitisha cherehani juu ya mistari. Hatimaye karatasi huchanwa na kuondolewa. Hapo ndipo hasara hutokea: karatasi nzito ikivutwa hulegeza nyuzi, na kazi ya siku nyingi ikaanza kufumuka.

Karatasi bora, basi, ni ile inayostahimili sindano lakini ikachanika kwa urahisi mwishoni.

Karatasi nyepesi ya magazeti isiyochapishwa hutimiza masharti hayo. Gazeti lililokwisha kuchapishwa lisitumike, kwa maana wino wake huchafua kitambaa. Karatasi ya fotokopi, ambayo aghalabu huwa ya gramu 80 kwa mita mraba, hupatikana kwa urahisi, ingawa ni ngumu kuiondoa katika vipande vidogo. Karatasi angavu ya kunakilia michoro humwezesha fundi kuona mistari kutoka pande zote mbili, ila yaweza kujikunja kwa joto la pasi.

Manila haifai hapa. Karatasi ngumu ni ya mbinu nyingine, ambapo kitambaa hukunjwa kuizunguka, vipande vikashonwa kwa mkono, nayo ikatolewa nzima na kutumiwa tena.

Hata karatasi nzuri huhitaji mshono mfupi. Tumia sindano nambari 14 na mishono kati ya 15 na 20 kwa kila inchi, kwani matundu yaliyokaribiana hurahisisha uchanaji.

Michoro yote itolewe kwa mashine moja ya fotokopi, kisha ipimwe kwa rula, maadamu baadhi ya mashine hupunguza au kuongeza ukubwa. Piga pasi upande wa kitambaa, bila mvuke, wino usije ukahamia kwenye nguo. Aidha, kwa kuwa Kakamega hupata mvua nyingi, karatasi ihifadhiwe pakavu. Unyevu huipinda na kuvuruga vipimo.

Kabla ya kukata kitenge chochote, shona kipande kimoja cha majaribio na uchane karatasi yake. Mishono ikilegea, badilisha karatasi.