Mianya Midogo Ndani ya Pembe ya Spika

Agosti 1926, watazamaji waliojaa jumba la Warner mjini New York walisikia muziki wa filamu Don Juan ukitoka kwenye pembe kubwa. Amplifaya za wakati ule zilitoa wati chache mno, na spika za kawaida ziligeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme huo kuwa sauti. Dawa ilitoka kwa wahandisi wa Maabara ya Bell, Edward Wente na Albert Thuras. Drayva yao, yaani kiini cha spika kinachozalisha sauti, namba 555 ya kampuni ya Western Electric, ilikuwa na kiwambo cha alumini chenye unene wa milimita 0.05 hivi, kinachogandamiza hewa ndani ya chumba kifinyu kabla haijaingia kooni mwa pembe. Mwaka 1928 waliripoti ufanisi wa kati ya asilimia 10 na 50.

Tatizo lilikuwa sauti za juu. Mawimbi yanayotoka ukingoni mwa kiwambo husafiri njia ndefu kuliko yale ya katikati. Yakikutana kooni, huuana. Ndiyo maana mbele ya kiwambo huwekwa kizibo chenye mianya, ili njia zote zilingane. Western Electric walichonga mianya ya duara, duara moja ndani ya jingine, wakailinda kwa hataza.

Studio ya MGM ilipotaka spika bora katikati ya miaka ya 1930, karakana ya James Lansing ilitengeneza drayva za mfumo huo mpya wa spika, ulioitwa Shearer, na hataza hiyo ikawa kikwazo. Mhandisi John Blackburn akachonga mianya iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje, kama spoku za baiskeli. Mgogoro wa kisheria ukazaa muundo mpya kabisa.

Baadaye mabishano yalihamia kwenye ukubwa na madini. Kampuni ya Altec ilishikilia kiwambo cha inchi 2.8 hivi, ilhali drayva 375 ya kampuni ya JBL ya mwaka 1954 ilikuja na cha inchi 4, kinachostahimili nguvu kubwa zaidi. Alumini hupasuka kwa uchovu, kwa hiyo miaka ya 1980 JBL walihamia titani, ngumu lakini yenye mlio wake. Kampuni ya TAD ya Japani ilikuwa imeshachagua berili, nyepesi na imara mno, ingawa vumbi lake ni sumu.

Wapenzi wa sauti hubishana sana kuhusu madini hayo. Mimi naamini mianya ina uzito zaidi. Mwaka 1953 mtafiti Bob Smith alichapisha hesabu zinazoonyesha mahali pa kuweka kila mwanya wa duara, na upana wake, ili chumba kile kisiongeze mivumo yake. Hesabu hizo zilikaa miongo mingi bila kutumika inavyostahili, mpaka mwaka 2007 watafiti Mark Dodd na Jack Oclee-Brown wa Uingereza walipozipanua zikafaa kiwambo chenye umbo la kuba, umbo ambalo viwambo vingi vya drayva vimekuwa nalo tangu zamani.