Mbao zilizopita Kingolwira na hesabu za ng'ambo

Simama jioni kando ya barabara kuu pale Kingolwira, Morogoro, uangalie malori yanayotoka nyanda za juu kwenda Dar es Salaam. Hukai sana kabla halijapita moja lililosheheni paina ya Mafinga, turubai limekazwa kwa kamba, vichwa vya mbao vikichungulia nyuma, vyeupe kama muhogo uliomenywa. Hapo jirani inapita reli ya kati, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907. Miti ya bara imeteremkia pwani kwa njia hizi mbili, na mingi haikuishia pwani.

Nani aliichukua, na kiasi gani? Ni swali la zamani kuliko reli, na jibu lake hutegemea unamuuliza aliyeuza au aliyenunua.

Katika delta ya Rufiji miti ya mikoko ilihesabiwa kwa korja, yaani vipande 20. Majahazi ya Uarabuni na Uajemi yaliteremka na kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa boriti na fito, maana kwao miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Upana wa vyumba vingi kwenye nyumba za kale za mawe, iwe Zanzibar, Lamu au Ghuba, ulipimwa kwa urefu wa boriti hizo, mita 3 hivi. Biashara hiyo iliishi karne nyingi. Kilichoiangusha, pamoja na makatazo ya kukata mikoko, ni mafuta: Ghuba ilipopata fedha ilijenga kwa saruji na nondo.

Kwingineko wanunuzi walipokezana. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikuwa ikiagiza nje zaidi ya asilimia 90 ya mbao zake, na vita vilipoibana ikaunda tume yake ya misitu mwaka 1919. Baada ya Vita vya Pili ikaja zamu ya Japani, iliyovuta magogo ya Ufilipino, kisha ya Indonesia na Malaysia, hadi Indonesia ilipozuia kuuza magogo nje mwaka 1985. Halafu China. Mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998 yaliifanya serikali yake ifunge ukataji katika misitu mingi ya asili, lakini viwanda havikufungwa. Mwaka ule China iliagiza karibu mita za ujazo milioni 5 za magogo. Mwaka 2007 zilikuwa karibu milioni 37. Nchi moja ililinda misitu yake, na misumeno ikahamia kwa wengine.

Kwetu ilihamia kusini. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Rufiji haikuwa tena mpaka wa kusubiri kivuko, na magogo ya Kilwa na Lindi yakapata njia ya bandarini. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti ambayo kila mwanafunzi wa misitu pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) angepaswa kuisoma. Walifanya jambo jepesi: waliweka takwimu za Tanzania kando ya takwimu za China. Mbao ambazo China ilisema imepokea kutoka kwetu zilikuwa mara 10 ya zile tulizoandika kwamba tumeuza. Mapato ya serikali kuu na halmashauri yaliyopotea yalikadiriwa kufikia dola milioni 58 kwa mwaka.

Tofauti ndogo ingeeleweka. Meli huondoka Desemba ikafika Januari. Mmoja huandika gogo, mwingine mbao, na mita moja ya ujazo ya gogo mara nyingi haitoi hata nusu yake ya mbao. Lakini mara 10 si kosa la kipimo. Ni misitu iliyoondoka bila kuandikwa, na vijiji vilivyoambulia visiki.

Wala mnunuzi si wa ng'ambo peke yake. Watafiti waliofuatilia misitu ya pwani kati ya 1991 na 2005 waliona ukataji ukienda kama wimbi kutoka Dar es Salaam, hadi kilomita 9 kwa mwaka, ukimaliza kwanza miti ya thamani, kisha ya wastani, na nyuma yake mkaa. Kingolwira haifiki kilomita 200 kutoka jijini. Na kaskazini kuna Kenya: ilifunga uvunaji katika misitu ya serikali mwaka 1999, ikafunga tena 2018, na kila ilipofunga, mafundi wa Nairobi waliendelea kupiga kenchi. Mbao zilivuka kutoka Tanzania, Uganda na Kongo.

Tulichonacho cha kujibia ni nyundo na karatasi. Afisa misitu hugonga alama kwenye kichwa cha gogo au ubao, kisha huandika hati ya kusafirishia: aina ya mti, idadi ya vipande, ujazo, unakotoka, unakokwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani dereva huishusha hati hiyo dirishani, imekunjwa mara nne, ina alama ya dole lenye grisi. Anayeikagua huizungukia tela, akainua pembe ya turubai na kuhesabu safu kwa kidole, kwa sababu takwimu ya Tanzania itakayowekwa siku moja kando ya ile ya Nairobi au Beijing inaanzia hapo, wakati bado kuna mwanga wa kuonea.