Ofseti ya rimu

Ofseti ya rimu ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari unaoigawa rimu katikati ya upana wake na uso unaokaa kwenye habu. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya na rimu huingia ndani ya fenda. Ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi na rimu hutokeza nje. Kipimo hiki huandikwa mara nyingi nyuma ya spoku kikitanguliwa na herufi ET, kifupisho cha neno la Kijerumani Einpresstiefe. Rimu yenye maandishi 17×7.5J ET53 ina kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 7.5 na ofseti chanya ya milimita 53.

Hizo ni namba za rimu za kiwandani za Subaru Impreza WRX STI ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, gari lenye wapenzi wengi Kenya na Tanzania. Tuseme mwenye gari anataka kuweka 18×8.5 ET48. Wengi hutazama 53 na 48, huona tofauti ni milimita 5 tu, hulipa. Lakini upana umeongezeka kwa inchi moja, yaani milimita 25.4, na nyongeza hiyo hugawanyika sawa: 12.7 nje, 12.7 ndani. Kisha ofseti iliyopungua kwa 5 huisogeza rimu nzima kwenda nje. Matokeo yake, ukingo wa nje hutokeza kwa milimita 17.7 zaidi, na ukingo wa ndani huikaribia shokapu kwa 7.7. Tairi likigusa fenda, dereva husikia. Likigusa shokapu, huenda asijue mpaka rimu ifunguliwe na kuonekana mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka ubavu wa ndani wa tairi. Tairi lenye mstari huo halifai tena kwa mwendo kasi.

Fenda huathiriwa na ukingo, lakini usukani huathiriwa na katikati ya tairi, na hapo ndipo ofseti inapohitaji heshima zaidi. Mstari ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona hufika ardhini karibu na katikati ya unyayo wa tairi, na umbali kati ya sehemu hizo mbili hupangwa na wahandisi wa gari. Tairi likisogezwa nje, kila shimo, na kila breki inayoshika zaidi upande mmoja, hupata wenzo mrefu zaidi wa kuuvuta usukani. Beringi nazo hulemewa. Kusogea kwa milimita 5 kwa kawaida huvumilika. Kusogea kwa 25 au 30 ili gari lionekane limepanuka huondoa utulivu uleule uliomfanya mtu alipende gari la michezo.

Rimu ya mtumba isiyo na maandishi hupimwa hivi: ilazwe kifudifudi, rula iliyonyooka ipitishwe juu ya kingo zake za nyuma, kisha upimwe urefu kutoka kwenye rula hadi uso unaokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa rimu. Kinachobaki ni ofseti. Upana wote unajumuisha kingo, hivyo huzidi ule ulioandikwa kwa takriban inchi moja. Kwa 8.5 ET48 rula husoma karibu milimita 169.

Spesa, bamba linalowekwa kati ya rimu na habu, hupunguza ofseti kwa kiasi cha unene wake: ya milimita 20 huifanya ET53 kuwa ET33. Pia hula urefu wa stadi, na nati inayoshika nyuzi chache ni hatari barabarani.

Ofseti sahihi haitoshi peke yake. Spoku lazima ziipite kalipa ya breki, na kwa STI yenye breki za Brembo rimu nyingi za inchi 16 hazipiti. Duara la stadi nalo lilibadilika: STI za awali zina stadi 5 kwenye duara la milimita 100, ilhali za modeli ya 2005 na kuendelea zina duara la 114.3.