Nani Mwenye Chombo? Historia ya Umiliki wa Ala za Muziki Kanda ya Ziwa

Katika miaka ya karibuni jambo moja limekuwa la kawaida jijini Mwanza. Kijana anayeishi chumba cha kupanga Mabatini au Igoma anadunduliza fedha mwaka mzima, ananunua kinanda cha Yamaha kilichokwisha kutumika, kisha kompyuta, kipaza sauti na spika mbili, na chumba kile kile anacholala kinageuka studio. Wazazi wake huita jambo hilo anasa. Wenzake huliita maendeleo. Mimi, kama mwalimu wa historia, naliona ni tukio la kisiasa, kwa sababu katika sehemu kubwa ya historia ya Tanzania huru mwanamuziki amepiga chombo kisichokuwa chake.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba muziki wetu hauwezi kueleweka kwa kusikiliza nyimbo peke yake. Yatupasa kuuliza pia swali ambalo wachumi huliuliza kuhusu shamba na kiwanda: zana za kazi ni mali ya nani? Anayemiliki chombo huamua nani apige, wapi, kwa ujira gani, na mara nyingine aimbe nini.

Lugha yenyewe imetunza kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Zamani kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, kikidonolewa kwa vidole. Baadaye jina hilo lilihamia kwenye chombo cha kanisani kinachopigwa kwa upepo, likaenda pia kwenye mashine ya kuchezea sahani za santuri, na leo linataja chombo cha umeme chenye sauti mia ndani yake. Jina limebaki lile lile, ilhali mwenye chombo amebadilika mara nyingi.

Tuanze na ngoma. Katika tawala za kitemi za Usukuma, ngoma ziligawanyika kwa umiliki. Zilikuwapo ngoma za utemi, zilizotunzwa pamoja na kiti cha enzi na alama nyingine za utawala. Hizo hazikuwa za mpigaji. Mpigaji alikuwa mtumishi tu. Zilikuwapo pia ngoma za vyama vya wachezaji, maarufu zaidi wakiwa Wagika na Wagalu, ambao asili yao inahusishwa na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivyo vilishindana baada ya mavuno, na mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ngoma, mavazi na dawa za ushindani vilikuwa mali ya kundi.

Serikali ilipofuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, alama za utawala wao zilipoteza kazi yake. Baadhi ya ngoma na viti vya enzi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, ambako mgeni huvitazama kwa utulivu. Lakini Wagika na Wagalu wanaendelea kushindana hadi leo, hasa katika sikukuu ya Bulabo hapo hapo Bujora. Mtawala alipoondolewa, ngoma yake ilinyamaza. Chama hakikuhitaji mtawala ili ngoma yake ilie.

Mmiliki wa pili mkubwa alikuja na misheni. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na misheni nyingine zikafuata. Pamoja na vitabu vya nyimbo walileta kinanda cha upepo, na kwa miaka mingi ngoma ilizuiwa mlangoni mwa makanisa mengi. Waafrika wengi wa kanda hii waliosoma nota walizisoma kwenye kinanda cha misheni, chini ya uangalizi wa padri au mwalimu wa shule. Bujora, Padri David Clement, Mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kuingiza ngoma na tuni za Kisukuma katika ibada, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua njia hiyo kwa Kanisa zima. Hata hivyo, kwa pande zote mbili, chombo kilibaki cha Kanisa. Mpiga kinanda aliyekorofishana na parokia alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mmiliki wa tatu alikuwa shirika la umma. Bendi za kwanza za dansi, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza katika miaka ya 1930, zilikuwa vilabu vya wanachama. Baada ya Uhuru hali ikageuka. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz. Likafuata kundi refu: Polisi Jazz, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Kimulimuli ya JKT, BIMA Lee ya Shirika la Bima la Taifa. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na gitaa, tarumbeta na amplifaya vikawa mali ya shirika.

Tusiubeze mfumo huo. Uliwapa wanamuziki heshima ambayo hawakuwa nayo. Mpiga gitaa aliweza kusema ana kazi, na akaaminika kwa mwenye nyumba. Tungo nyingi tunazoziita leo za dhahabu zilizaliwa ndani ya ajira hiyo. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Bendi iliyopewa vyombo na chama au jeshi ilitarajiwa kusifu inapotakiwa kusifu. Na aliyeacha kazi aliacha kila kitu isipokuwa vidole vyake.

Kwa mfanyabiashara binafsi mambo hayakutofautiana sana. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki nyota wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, wakahamia kwake kwa maslahi mazuri zaidi. Mashabiki walizungumza juu ya usaliti. Mwanahistoria anaona soko la ajira ambamo nguvu ya kufanya kazi ilihama na vyombo vikabaki kwa mabwana wake. Hata Remmy Ongala, aliyejulikana kama sauti ya wanyonge, alianza kazi Super Matimila kwa vyombo vya mfanyabiashara.

Huku Kanda ya Ziwa tatizo lilikuwa na sura yake. Kwa watu wa ziwa, Kisumu na Nairobi zilikuwa jirani kibiashara, na meli zilifunga bandari zote za ziwa kama kamba moja. Nairobi ndiko kulikokuwa na studio, viwanda vya santuri na maduka ya magitaa. Si ajabu kwamba Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati mkoani Mara mwaka 1940, alijenga jina lake upande wa Kenya akiwa na Shirati Jazz, bendi iliyobeba jina la kijiji cha Tanzania na kuwa nguzo ya muziki wa benga. Alifuata soko na vyombo.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na baada yake vikaja Vita vya Kagera na uhaba mkali wa fedha za kigeni. Katika nchi inayokosa dawa na mafuta, nani angepewa kibali cha kuagiza nyuzi za gitaa? Uhaba huo uliimarisha nguvu za wenye vyombo. Bendi ya shirika yenye seti moja ya vyombo ilikuwa kama mashine pekee ya kusaga kijijini: kila mwenye mahindi alilazimika kupita hapo.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na ukapanuka baada ya mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Kinanda cha umeme kiliingia kwa kasi. Katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 kilichukua nafasi ya safu nzima ya fidla. Katika kwaya za makanisa kando ya ziwa kikawa kitu cha kwanza kuchangiwa baada ya bati la paa. Wakati huo huo mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufa, na bendi nyingi zilikufa pamoja na wazazi wake. Mshahara ulikwisha, na soko la vyombo likafunguliwa.

Huyu kijana wa Mabatini ndiye mrithi wa historia hiyo. Kinanda chake ni chake kwa risiti au kwa maandishi ya mkono mbele ya shahidi. Hakuna katibu wa chama wala tajiri atakayemnyang'anya akitunga wimbo wa kulalamikia bei ya sangara au kodi ya mwaloni. Huo ni uhuru halisi, nami siwezi kuukejeli.

Hata hivyo, tuutazame kwa jicho kavu. Chombo kimoja sasa hufanya kazi ya mpiga besi, mpiga ngoma na wapiga tarumbeta watatu. Mmiliki wa chombo ni yule yule mfanyakazi, fundi, mhasibu na mlinzi wa usiku. Akiugua, studio imefungwa. Mwizi akipita, mtaji wote umekwenda. Benki haikipokei kinanda chake kama dhamana. Wimbo wake unasambaa kwa simu kutoka Magu hadi Sengerema, na fedha inayorudi haitoshi hata kulipa umeme. Amepata zana, lakini amebaki mzalishaji mdogo mmoja mmoja mbele ya soko kubwa.

Hapa ndipo watu wa ziwa wanapopaswa kukumbuka pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alikuwa na shamba lake, jembe lake na pamba yake, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na kiwanda cha kuchambulia kilikuwa cha mtu mwingine. Wakulima walianza kwa jambo dogo sana: kuweka wapimaji wao wenyewe ili mizani isiwapunje. Chini ya uongozi wa Paul Bomani vikundi hivyo vikakua, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilifika hadi kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Umiliki wa jembe haukutosha. Ushindi ulikuja walipomiliki kwa pamoja zile zana ambazo mtu mmoja asingeweza kuzinunua.

Wanamuziki nao wamewahi kujaribu njia hiyo. Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire na kuweka makao Dar es Salaam, iliunda kampuni ya wanamuziki wenyewe, OMACO. Katika zama ambazo wenzao wengi walikuwa waajiriwa, wao walikuwa wenye mali. Vilevile kila kwaya ya parokia inayonunua kinanda kwa michango ya Jumapili ni ushirika mdogo, ingawa haijiiti hivyo.

Ushirika, lakini, una funzo chungu pia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo kile cha Nyanza kilichorithi shirikisho la Bomani, na mazao yakakabidhiwa mamlaka za umma. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982, lakini imani iliyopotea hairudishwi kwa sheria. Ushirika uliovunjwa kutoka juu ulikuwa tayari umedhoofika kutoka ndani, wanachama wakiwa wamegeuka watazamaji wa viongozi wao. Wanamuziki watakaoungana leo wakumbuke kuandika katiba fupi inayosema wazi nani anatunza ufunguo, nani anakagua daftari, na mtu akiondoka anaondoka na nini.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya nina mambo mawili. La kwanza, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana watano wanaotaka kununua vyombo na kupanga chumba cha mazoezi kina haki ile ile ya kusikilizwa kama kikundi cha bodaboda au cha kufuga kuku. Afisa maendeleo ya jamii anayelikataa ombi hilo kwa sababu "muziki ni burudani" anarudia kosa la watu waliodhani pamba ni maua.

La pili, trekta na zana nyingine za kilimo zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani kwa sababu tunakubali kwamba ni zana za kazi. Kinanda hulipiwa asilimia 18. Serikali inayotangaza kwamba sanaa ni ajira inapaswa kutueleza kwa nini jembe la msanii linatozwa kama pambo la sebuleni.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi moja. Nendeni mkaandike historia hii wakati wahusika wangali hai. Waulizeni wapiga magitaa wazee wa Kirumba, Musoma na Bukoba: chombo ulichopiga kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, na bendi ilipokufa kilikwenda wapi? Majibu yao yatatufundisha kuhusu uchumi wa nchi hii mambo ambayo hayamo katika taarifa za bajeti. Kisha mpelekeeni kijana mwenye kinanda majibu hayo, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua sasa hivi, bila kujua kwamba anaamua, kama atabaki peke yake chumbani au atagonga mlango wa jirani mwenye gitaa.